Kinywa Kilichojaa

Mzee Ruaridh, fundi bomba mstaafu wa Lochee,
aliniuzia wawili kwa pauni thelathini
ndani ya ndoo ya rangi, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya kiatu.
Kichwa-nyoka wadogo, wa kimo cha kiganja,
mapezi yamepindwa kwa uzi wa rangi ya chungwa.
"Usiwatilie hita," aliniasa. "Kwao ni vijito vya milimani.
Baridi wanaihitaji kama wewe unavyohitaji usingizi."
Nikacheka peke yangu ndani ya basi:
hatimaye nimepata wapangaji
wasioilalamikia mita ya gesi.

Akanipa na bahasha, majani makavu kumi,
ya kuyapa maji rangi ya chai.
Nilipoifungua ilibidi nikae.
Mkungu!
Majani ya mkungu, yameletwa kwa posta, pauni nne,
yale yale niliyofagia kila asubuhi uani Pangani,
nikiyachoma, nikiyaapiza,
maana kesho yake yameanguka mengine.
Hapa Dundee nimwambie nani
kwamba nimenunua takataka za mama yangu?

Novemba maji yakashuka nyuzi kumi na sita.
Wakapunguza kula, wakapunguza ugomvi.
Wanavuta hewa kama sisi, hupanda juu wakaigusa,
*puk*,
mlio wa mtu anayeonja mchuzi jikoni.
Mwantumu, binti yangu wa miaka tisa, huwahesabia:
"Baba, dume kapumua mara nne tangu nianze hesabu za shule."
Mama yake yuko Aberdeen.

Januari, narudi kutoka dobi la hospitali,
saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi,
nikakanyaga kitu cha baridi juu ya zulia.
Alipitia tundu la waya, tundu la vidole viwili.
Kajaa vumbi na nywele
kama kitumbua kilichodondoka mchangani.
Nikasema basi, huyu kaenda.
Taya likafunguka. Akavuta pumzi.
Nikalowesha mikono, nikamrudisha,
nikaziba tundu kwa soksi.
Soksi ipo hadi leo. Nitanunua sponji.

Machi wakajiviringisha chini ya kigae cha chungu,
na kulipokucha dume kafumba mdomo.
Hali.
Siku ya tatu, hali. Hali yake mbaya, nikawaza.
Nyungunyungu kapita mbele ya pua yake,
naye akamtazama kama aliyefunga
anavyoitazama tende saa nane mchana.
Taya limevimba. Nikampigia Ruaridh,
akacheka mpaka akakohoa.
"Mgonjwa wapi! Huyo ni baba. Mayai yamo mdomoni."

Sisi tuliambiwa kinywa ni jumba la maneno.
Huyu kayatoa maneno yote nje, kapangisha watoto.

"Akipiga chafya je?" Mwantumu aliuliza.
"Samaki hawapigi chafya."
"Akisahau, akameza?"
Mzee alishanieleza: mara ya kwanza, wengi humeza.
Nikamwambia mtoto akapige mswaki.

Jumapili simu ikalia.
Sauti ya Aberdeen: "Anakula vizuri?"
Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu chini ya ulimi,
mengine yameshaota mikia.
Nikajibu, anakula.
Nikampa mwenyewe azungumze,
nikaenda kukagua soksi.

Siku ya kumi na moja nilimkuta karibu na uso wa maji,
kakonda, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili,
na mbele yake wingu la alama za mkato
zilizotoroka kwenye sentensi ya mtu.
Mwantumu, bado na nguo za kulalia, akaanza:
kumi na saba, hapana, kumi na tisa,
hapana, wametikisika, naanza upya.

Jioni nikamtupia nyungunyungu mmoja.
Akamdaka. Akamtema.
Akapapasa kinywa chake kwa ndani, taratibu,
kuhakikisha hakuna aliyebaki,
ndipo akala.